Mkojo unavuja baada ya kujifungua: je, tungoje miezi mitatu?

SWALI: Mdogo wangu alikaa na uchungu siku mbili, mtoto akafariki. Hii ni wiki ya tatu mkojo unamtoka wenyewe usiku na mchana. Ameambiwa arudi baada ya miezi mitatu apasuliwe. Amepunguza kunywa maji ili asilowe. Tufanyeje? – Dada mtu

JIBU: Poleni kwa msiba. Dalili hizo ni za fistula ya uzazi. Kichwa cha mtoto kilichokwama hubana kibofu kwenye mfupa wa nyonga. Nyama hukosa damu, hufa, na baada ya siku kadhaa hubanduka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke.

Miezi mitatu hungojwa kwa sababu uzi haushiki kwenye nyama iliyovimba au kuoza. Lakini asiingoje nyumbani! Mpelekeni wiki hii hii kwa daktari wa fistula, aangalie kama anafaa kuwekewa mpira wa kutoa mkojo kibofuni. Tundu dogo ambalo bado bichi huweza kuziba lenyewe kibofu kikikaa kitupu wiki 4 hadi 6. Kingo zikishakakamaa, nafasi hiyo imepita.

Maji asipunguze. Mkojo mzito huunguza ngozi na huweza kujenga mawe kibofuni. Anywe hadi mkojo ukaribie rangi ya maji. Kama anaburuta mguu, amwambie daktari: mishipa ya fahamu nayo hubanwa, na mazoezi husaidia.

Ikibidi apasuliwe, mara nyingi hupitiwa ukeni, kwa ganzi ya mgongoni. Kibofu hutenganishwa na uke ili kishonwe bila kuvutwa, kisha hujazwa maji ya bluu kuona kama panavuja. Ulizeni daktari ana uzoefu gani na fistula. Upasuaji wa kwanza ndio wenye matumaini makubwa; kila unaorudiwa hukuta makovu.

Baada ya hapo, kazi kubwa ni kulinda mpira. Kwa fistula nyepesi hukaa siku 7 hadi 10; kwa iliyo ngumu, siku nyingi zaidi. Ukijikunja au kuzibwa na damu iliyoganda, kibofu hujaa na kufumua nyuzi. Mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu. Shuka likilowa, au mfuko ukiacha kujaa, mwiteni muuguzi papo hapo, hata usiku wa manane.

Akivuja anapokohoa tu, huenda tundu limeziba ila misuli ya kubana mkojo imelegea, arudi apimwe. Asikutane kimwili na mumewe kwa miezi mitatu au zaidi, na mimba ijayo ajifungue kwa upasuaji uliopangwa, kabla uchungu haujaanza.