Niuze mikarafuu nihamie Unguja?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, naishi Wete, Pemba. Marehemu baba ameniachia mikarafuu kumi na miwili. Wenzangu wameshahamia Unguja, wanafanya kazi hotelini Nungwi. Niuze na mimi niende?
Kijana wa Wete

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi mwenyewe nilipanda meli bandarini Mkoani, huko huko Pemba, nikiwa na umri wako, na mpaka leo napanga chumba huku Unguja, mtaa wa Ng'ambo mjini. Kwa hiyo sikukatazi kuja. Nakuomba tu usiuze. Mkarafuu una mwaka wa neema na mwaka mkavu, lakini unaishi makumi ya miaka. Hoteli hupunguza watu masika, wageni wakiondoka, na kodi ya chumba haijui masika. Tena huku kumebana: sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar nzima watu 1,303,569, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Makonde ya mpunga niliyoyakuta mimi sasa yamejaa nyumba, na mikarafuu ya baba huwezi kuinunua tena kwa mshahara wa hoteli. Njoo msimu wa wageni, shamba mwachie ndugu yako alipalilie. Karafuu zikiiva, rudi ukachume.