Kikomo ni MB 25, mbona faili ya MB 20 inakataliwa?

Swali: Seva yetu ya barua pepe inatumia Postfix, na tumeweka kikomo cha MB 25. Mfanyakazi akiambatisha faili ya MB 20, barua inakataliwa kwa kosa la 552 5.3.4. Wanaotumia barua pepe kwenye kivinjari wana shida zaidi: hata MB 5 haipandi. Turekebishe wapi?

Jibu: Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Kikomo chenu, ambacho Postfix hukiita `message_size_limit`, hupima barua nzima jinsi inavyofika kwenye seva. Faili ikiambatishwa hugeuzwa kuwa maandishi kwa Base64: kila baiti 3 huwa herufi 4, na ukijumlisha alama za mwisho wa mistari, ukubwa huongezeka kwa takriban asilimia 37. MB 20 zinapita 27. Kwa kikomo chenu cha sasa, faili ya MB 18 hivi ndiyo mwisho.

Basi anzeni na faili kubwa mnayotaka kuruhusu, zidisheni kwa 1.37, mwongeze kidogo. MB 25 inawapa 34.25, wekeni 35. Postfix huhesabu kwa baiti:

`postconf -e 'message_size_limit = 36700160'`
`postfix reload`

Kisha unganeni na seva kwa mlango wa 25, mtume EHLO (amri ya salamu kwa seva ya barua), na mhakikishe jibu lina SIZE 36700160, yaani kikomo kipya.

Angalieni pia `mailbox_size_limit` na `virtual_mailbox_limit`, vikomo vya ukubwa wa kikasha. Zisipoguswa huwa 51200000, kwa hiyo hapa mko salama. Lakini kikomo cha barua kikizidi cha kikasha, Postfix hugoma kuingiza barua kwenye vikasha, hata yenye mstari mmoja. Foleni ya barua zinazosubiri hujaa, na watu huanza kulaumu diski. Na diski nayo ina sharti lake: nafasi ya foleni ikipungua chini ya mara 1.5 ya kikomo, seva haipokei barua mpya.

Kwenye kivinjari, faili hupitia kwanza seva ya wavuti. Kama programu yenu ya barua kwenye kivinjari inatumia lugha ya PHP, `upload_max_filesize` isipoguswa huwa 2M na `post_max_size` 8M. Seva ya wavuti ikiwa Nginx, nayo ina `client_max_body_size` ya 1m, na faili ikizidi hapo hutoa kosa la 413. Wekeni 26M, 30M na 30m kwa mpangilio huo, mwanzishe upya php-fpm (huduma inayoendesha PHP) na nginx. Hapa msizidishe kwa 1.37, kwa sababu faili bado haijageuzwa.

Sishauri kupanda zaidi ya hapo. Seva ya mpokeaji ina kikomo chake ambacho hamkigusi, na barua ya MB 34 kwa watu 40 hula karibu GB 1.4 kama kila kikasha kinahifadhi nakala yake. Faili kubwa zaidi iwekwe kwenye hifadhi ya pamoja, kitumwe kiungo chenye nywila na tarehe ya kuisha.