Pini, tundu na mkazo: maswali yenu

Bapa la chuma lina pini kila ncha. Nitajuaje nguvu inaelekea wapi?

Kama pini ni mbili tu na hakuna mzigo unaolikalia katikati, nguvu hufuata mstari unaounganisha pini hizo, iwe inavuta au inagandamiza. Mzigo ukiwa katikati, bapa litapinda pia, na hiyo ni hesabu nyingine.

Bapa lina upana wa mm 50, unene mm 10, pini mm 20, linavutwa kwa kN 30. Nimepata mkazo (nguvu ukigawanya kwa eneo linaloibeba) wa MPa 60, yaani N 60 kwa kila mm², jibu la mwalimu ni 100. Nani yuko sahihi?

Mwalimu. Wewe umegawanya kwa mm² 500 kana kwamba tundu halipo. Penye pini chuma kilichobaki ni (50 − 20) × 10, yaani mm² 300, na N 30,000 (ndiyo kN 30) ukigawanya kwa 300 unapata 100. Ila hiyo 60 usiitupe. Bapa hilohilo likigandamizwa, ndiyo jibu: pini husukuma chuma kilicho upande wa katikati, na nguvu haipiti tena pembeni mwa tundu. Hapo swali linalobaki ni kama bapa ni refu kiasi cha kujikunja kabla chuma hakijaelemewa. Mtihani hupenda sana kutega hapa.

Na pini yenyewe?

Kwanza hesabu ni mahali pangapi pini inaweza kukatwa. Mabapa mawili yakipandana, ni mahali pamoja tu: 30,000 ÷ 314 (eneo la duara la pini, kwa mm²), kama MPa 95. Bapa likikaa katikati ya uma, yaani kati ya vyuma viwili vilivyolibana huku na huku, ni mahali pawili, na mkazo unashuka hadi 48 hivi. Kisha angalia pini inavyolisukuma tundu: 30,000 ÷ (20 × 10) = MPa 150. Ndio mkubwa kuliko yote hapa, na ndio unaosahauliwa.

Mkazo ukiwa chini ya kikomo, niko salama?

Si lazima. Ile 100 ni wastani tu. Ukingoni mwa tundu mkazo hupanda zaidi ya maradufu. Daraja la Silver Bridge, katika mto Ohio, Marekani, lilianguka tarehe 15 Desemba 1967 na kuua watu 46. Ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi ulikuwa ukingoni mwa tundu la chuma kimoja cha mnyororo uliolibeba. Kila pingili ilikuwa na vyuma viwili tu. Kimoja kilipokatika, cha pili hakikuweza kubeba peke yake.