Chai inampalia baba

SWALI: Tangu baba apate kiharusi, chai humpalia kila anapokunywa, ilhali uji mzito unapita vizuri. Kwa nini?
Binti, Kondele, Kisumu

JIBU: Pole sana, binti yangu. Chai ni nyepesi. Hukimbilia kooni kabla ulimi dhaifu haujaidhibiti. Ikiingia njia ya hewa yaweza kuleta nimonia, kwa hiyo kwanza mtaalamu apime umezaji wake. Akiruhusiwa, akandamize ulimi kwenye kaakaa kwa nguvu, ahesabu hadi 3, apumzike, arudie mara 10. Ulimi ni misuli, hukomaa kwa kazi kama mkono wa mvuvi. Mpe wiki 8. Mama mmoja niliyemfundisha alisukuma kijiko kwa ncha ya ulimi hadi machozi yakamtoka, na hakuacha. Tafadhali, baba asinywe akiwa amelala. Aketi wima.