Dereva wa matatu auliza: Nikijaza petroli kwa kampuni iliyochafua mito, nimeshiriki dhulma?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni dereva wa matatu, Kisumu–Busia. Wenzangu pale steji wametumiana video ya mafuta yaliyomwagika Nigeria, mikoko imekauka, maji meusi. Wameapa wallahi hawatajaza tena kwenye stesheni zenye jina la kampuni ile, Shell, na anayejaza huko wanamwambia anakula haramu. Mwenye gari ana akaunti hapo hapo na ndipo anapotaka nijaze. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nianze na riziki yako: ni halali. Umenunua petroli kwa bei yake, umebeba abiria, wamekulipa nauli. Mtume (s.a.w.) alifariki deraya yake, vazi la chuma la vitani, ikiwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa deni la shayiri. Kununua kwa mtu si kuridhia kila alitendalo.

Dhulma yenyewe ni ya kweli, asije mtu akaifanya ndogo. Bomba la Shell lilivuja Bodo, nchi ya Waogoni huko Nigeria, mwaka 2008, na wavuvi wakapoteza riziki. Mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 55. Allah anasema ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyotendwa na mikono ya watu (Ar-Rum: 41).

Lakini hapa Kenya stesheni zenye jina hilo zinaendeshwa na Vivo Energy, kampuni nyingine iliyopewa leseni ya kulitumia. Kijana anayekushikia pampu Kisumu hakuvujisha kitu Bodo, na "hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine" (Al-An'am: 164). Tena petroli ya makampuni huchanganywa bombani kutoka Mombasa, ikapitia Nakuru hadi depo ya Kisumu. Ukivuka barabara ukajaze kwa jirani, umejaza petroli ile ile.

Je, kugomea kuna asili katika dini? Kupo. Thumama bin Uthal, mkuu wa Yamama, eneo la Arabuni lililopeleka ngano Makka, aliposilimu aliwaambia Maquraishi wa Makka kwamba haitawafikia hata punje moja ya ngano mpaka Mtume aruhusu. Njaa ilipowabana watu wa Makka, wakamwandikia Mtume wakimkumbusha udugu, naye akaamuru chakula kiachiliwe. Mimi nachukua mawili hapo: kugomea kunajuzu, na kunakomeshwa machungu yanapomfika asiyekusudiwa.

Kwa hiyo gari likiwa lako, chagua stesheni utakayo, na nia njema ina malipo yake inshallah. Matatu hii si yako. Wewe ni mwajiriwa na mafuta ni mali ya mwenye gari. Mshauri kwa adabu, akikataa jaza anapotaka. Na wanaosema "haramu" wasome An-Nahl aya ya 116, inayokataza kusema hiki halali na hiki haramu kwa kumzulia Allah uwongo, kabla ya kufungua mdomo tena. Hilo ni zito kuliko petroli.

Waulize pia habari za Thange, Makueni. Mwaka 2015 bomba la mafuta la hapa hapa kwetu lilivuja, mto na visima vikaharibika. Hapo watagomea stesheni ipi, na bomba ni la wote? Wakaazi walienda mahakamani. Mwenye uchungu wa kweli na awachangie watu kama hao nauli na ada ya wakili, au aende akatoe ushahidi. Kwangu hiyo ina uzito kuliko kubadilisha pampu.

Na ile oili chafu fundi wenu anayoifungulia chini ya gari, ikatiririka mtaroni na mvua ikaisukuma ziwani? Hapo sisemi inajuzu. Mtume amesema hakuna kudhuru wala kudhuruana, na wanaokunywa maji ya ziwa ni majirani zenu. Aikinge kwa dumu, wapo wanaoinunua kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Limebaki la kiapo, ambalo hukuniuliza. Wenzako waliosema wallahi, wakiishiwa petroli usiku pale Ugunja na stesheni iliyo wazi ni hiyo moja, wajaze wafikishe abiria, kisha watoe kafara: kulisha maskini kumi au kuwavisha. Asiyeweza, afunge siku tatu. Wallahu a'lam.