Kabla hujaamini kwamba dawa ya uraibu wa pombe inafaa

Ninyi mnaoanza kusoma tafiti za dawa hizi, msikimbilie hitimisho. Tafuteni kwanza watafiti walihesabu nini. Kuacha pombe kabisa ni jambo moja, kuacha kunywa kupindukia ni jingine. Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2023, uliokusanya majaribio 118, ulikuta kwamba kwa dawa ya naltreksoni ya miligramu 50 kwa siku inabidi watibiwe watu 18 ili mmoja zaidi asirudie pombe, ila 11 ili mmoja zaidi asirudie kunywa kupindukia. Dawa ni ileile, kilichobadilika ni kinachohesabiwa. Na msidharau hiyo 11: kwa ugonjwa unaovunja nyumba na kuua ini, ni faida ya kweli.

Disulfiramu ndiyo inayowachanganya wengi. Haipunguzi hamu ya pombe. Inazuia mwili kuimaliza sumu ya asetaldehidi inayotokana na pombe, kwa hiyo aliyeinywa akionja pombe uso unamwiva, moyo unamwenda mbio, anatapika. Sehemu kubwa ya nguvu yake ni woga wa hayo. Sasa fikirini jaribio ambalo mgonjwa hajui kapewa dawa au kidonge kitupu: aliyepewa kitupu naye anaogopa! Tofauti kati ya makundi inafifia. Kwenye majaribio ambayo kila mtu anajua anachomeza, tofauti inaonekana. Usiseme haraka kwamba dawa haifai, wala usiyabebe matokeo ya majaribio ya wazi bila kuyahoji. Uliza pia kama kuna aliyesimamia umezaji.

Akamprosati ina fumbo lake. Majaribio kadhaa ya Ulaya yaliipa sifa, lakini jaribio la COMBINE la Marekani, lililochapishwa mwaka 2006 likiwa na washiriki 1,383, halikuona faida yake. Angalieni walioingia: wengi wa Ulaya walikuwa wametoka kuondolewa pombe mwilini wakiwa hospitalini. Tena washiriki wa COMBINE waliopewa vidonge walikutana mara kwa mara na mhudumu wa afya, hata wale wa kidonge kitupu, na hao nao walipata nafuu. Dawa ilikuwa inashindanishwa na huduma nzuri.

Halafu nendeni kwenye jedwali la walioacha jaribio katikati, mwone wamehesabiwaje: kama waliorudia pombe, au wamefutwa tu.