Mguu wenye vyuma kuvimba wiki ya tatu

Dada pole, mpe mzee salamu. Umeuliza kama kuvimba wiki ya tatu baada ya kutiwa vyuma mguuni ni kawaida. Kuvimba peke yake usishtuke, kwaweza kwenda miezi, hasa akikaa barazani mguu unaning'inia, auweke juu ya mito upite usawa wa moyo. Ila kidonda kikitoa usaha au homa ikifika 38 msingoje asubuhi. Na kigimbi kikimuuma halafu pumzi zinambana, hiyo yaweza kuwa damu imeganda, ni emajensi. Sigara aache kabisa, inachelewesha mfupa kuunga. Na punda asipande bado! Vichochoro vya hapa Lamu unavijua, mguu ukigonga ukuta skurubu zaweza kulegea, mimi yalinikuta nikarudi tena thieta.